Kambi Tusiyoirudia

Wazee wetu waliosafiri na misafara waliacha neno moja lisilo na haya: Ago halinyewi, huenda ukarejea. Ago ni kambi ya wasafiri, mahali pa kulala usiku mmoja au mbili njiani. Vijana wa siku hizi, ambao jina la ago limewapotea, husema jambo lile lile hivi: Usinyee kambi, huenda ukarudi. Maana yake kila mtu aijua, nasi twalitumia neno hili kwa mambo mengi yasiyo ya kambi. Kijana aondokaye kazini kwa matusi huambiwa hivyo. Binti atokaye nyumbani kwa shangazi yake kwa ugomvi huambiwa hivyo. Hata mzee wa kanisa ahamaye usharika kwa hasira huambiwa, tena mbele ya watu. Lakini leo, ndugu msomaji, nataka tulitwae neno hili kama lilivyotamkwa kwanza, kwa kambi yenyewe, kwa majivu na kuni na choo, kisha tuliulize swali moja: Na ikiwa sitarejea, je?

Maana neno hili lilikuwa na nguvu kwa sababu wale waliolisema walirejea kweli. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka toka bara hata Bagamoyo na pembe mabegani, wakapanda tena na mizigo ya nguo na shanga. Na safari iliyofuata njia ikawa ile ile, kisima kile kile, mti ule ule wa kivuli. Aliyechafua maji ya ago aliyanywa mwenyewe alipopita tena. Hata magonjwa yalizifuata njia zile: katika karne ya 19 ndui na kipindupindu vilikwenda pamoja na misafara, kituo kwa kituo. Kwa hiyo neno la wazee halikuwa fundisho la wema tu. Lilikuwa akili ya mtu aijuaye njia yake. Nami siidharau akili hiyo. Ila naona kwamba uzito wake wote umetundikwa juu ya msumari mmoja, nao ni hilo huenda ukarejea. Ung'oe msumari huo, na neno zima laanguka chini.

Basi ili tulipime jambo hili, yafaa tutafute kambi ya namna nyingine, kambi ambayo mtu huilala na kuondoka asitarajie kuiona tena, wala hapana mtu wa kumtazama afanyavyo. Kambi za namna hiyo ni nyingi katika nchi za kaskazini, nami nachagua mahali pamoja ambapo jina la jimbo lake wengi wetu wamelisikia. Katika Marekani, mpakani mwa Kanada, liko jimbo la Minnesota. Wakristo wa Iringa walijua vema, maana tangu mwaka 1987 Dayosisi yao ina undugu na Sinodi ya Saint Paul iliyoko huko, undugu uitwao Bega kwa Bega. Kaskazini kabisa mwa jimbo hilo pana nyika ya maziwa na misitu iitwayo Boundary Waters, ndiyo kusema Maji ya Mpakani. Eneo lake lapita ekari milioni 1, na maziwa yake ni zaidi ya 1,000, makubwa kwa madogo, yameshikana kwa mito na vijito kama shanga katika uzi. Ndani yake hamna barabara, wala duka, wala taa.

Njia ya kuingia ni mtumbwi. Mtu hupiga kasia hata mwisho wa ziwa, ndipo hushuka, huupindua mtumbwi juu ya mabega yake, akapita nao msituni hata ziwa la pili. Kisha hurudi kuchukua mizigo. Njia hizo za kubebea mitumbwi hupimwa mpaka leo kwa kipimo cha kale cha Waingereza chenye futi 16 na nusu, karibu sawa na urefu wa mtumbwi mmoja, na vipimo 320 hufanya maili moja. Katika eneo lote vimewekwa vituo vya kulala vipatavyo 2,000. Kila kituo kina vitu viwili tu vilivyofanywa kwa mikono ya watu: wavu wa chuma wa kupikia, na huko nyuma msituni choo cha shimo kisicho na ukuta wala paa. Yaliyobaki ni mwamba, misonobari, maji na mbu. Mbu wa mwezi wa sita huko hawaoni haya mbele ya mbu wa Rufiji.

Majira yao ya hari ni mafupi. Barafu huyaacha maziwa karibu na mwisho wa mwezi wa nne au mwanzo wa mwezi wa tano, na mwezi wa kumi baridi imekwisha kurudi. Katikati hapo siku ni ndefu mno, jua hukaribia saa tatu za usiku ndipo litue, na watu hutoka mijini kwa maelfu wakaja na mahema yao.

Hapa najua msomaji atacheka. Mtu mwenye nyumba nzuri, na kitanda, na maji ya bomba, kwa nini akalale chini juu ya mizizi? Kwetu mtu hulala porini kwa sababu amechelewa njiani, au analinda mahindi yasiliwe na nguruwe, au yuko machungani na ng'ombe. Hatumjui atoaye fedha ili apate taabu hiyo. Swali hili ni la haki, wala sitaki kulipita mbio kama wafanyavyo wale wasifuo kila jambo la ng'ambo. Njaa ya kuchagua si njaa. Mtu ajuaye kwamba Jumapili jioni atakuwa kwake hakuujua umaskini kwa kulala siku tano katika hema, na akituambia ameujua hatumsadiki. Lakini Waisraeli nao waliamriwa kuziacha nyumba zao siku saba kila mwaka wakakae katika vibanda vya matawi, si kwa kuwa kibanda ni bora kuliko nyumba, bali ili watoto wao wajue baba zao walipita wapi. Pengine mtu wa mjini naye ana haja ya kuonyeshwa kila mwaka kwamba maji hutoka ziwani wala hayatoki ukutani, na ya kwamba moto ni kuni alizoziokota mtu kwa kuinama. Sina zaidi juu ya hilo. Namwacha alale. Mimi nataka kumtazama asubuhi, anapokunja hema lake.

Fikiri jinsi alivyo peke yake. Askari wa msitu wako, nao husafiri kwa mitumbwi kama watu wengine, lakini hawawezi kuwa mahali pote kwa vituo 2,000. Sheria haikubali kundi moja lizidi watu 9 na mitumbwi 4, na ziwa dogo laweza kuwa na kituo kimoja tu, hata usiku kucha mtu asisikie sauti ila ndege wa maji aliaye gizani. Asubuhi huondoka. Jioni yake atakuja mwingine, wa mji mwingine, labda wa nchi nyingine. Hawatakutana. Yule wa pili hatajua jina la wa kwanza, hatajua amshitaki nani. Tena maziwa ni mengi kiasi kwamba mtu aweza kuingia kila mwaka mpaka uzee wake asilale kituo kimoja mara mbili. Hapo msumari wa wazee umekwisha kung'olewa. Nini kimzuie?

Wengine watajibu upesi kwamba sheria ipo. Ni kweli, tena ni sheria nzuri. Tangu mwanzo wa mwezi wa tano hata mwisho wa mwezi wa tisa hesabu ya makundi yaingiayo kila siku imewekewa mpaka, na kila kundi huchukua cheti. Makopo na chupa za vyakula na vinywaji haziruhusiwi kuingia. Mti ulio hai haukatwi. Kuni ni zile zilizokufa na kuanguka. Vyombo havioshwi ziwani, bali maji huchotwa yakapelekwa mbali na ukingo. Avunjaye hutozwa faini. Lakini sheria humkamata aonwaye. Mweke mbele yako mtu aliyechelewa njiani, mvua yanyesha, watoto wanatetemeka, kuni zote zimelowa, na kando ya hema umesimama ule mti wa kaskazini wenye gome jeupe kama karatasi. Gome hilo lina mafuta ndani yake, nalo huwaka hata likiwa limelowa. Kulibandua ni kazi ya dakika moja. Lakini mti uliobanduliwa gome ungali hai hubaki na kovu jeusi maisha yake yote, na likibanduliwa kwa kuuzunguka na kwa kina, mti hufa. Faini iko maili nyingi, katika ofisi iliyofungwa saa kumi na moja.

Naye husema moyoni: Gome moja ni kitu gani katika ekari milioni? Hapo ndipo hoja iliyo ngumu kuliko zote, nami sipendi kuona watu wakiijibu kwa kukemea. Hesabu yake ni sahihi. Gome moja si kitu. Tawi moja si kitu, na kipande cha sabuni katika ziwa si kitu, na hatua moja ya mguu pembeni mwa njia si kitu kabisa. Ila kituo hicho wakati wa hari hupata wageni karibu kila usiku, na kila mmoja wao anayo hesabu hiyo hiyo, sahihi vile vile. Udongo wa pale ni mwembamba, umelazwa juu ya miamba ambayo ni miongoni mwa ile ya kale sana duniani. Baridi huyafanya majani kuoza polepole, na kuvumwani hukua kwa kiasi ambacho macho hayawezi kukiona mwaka hata mwaka. Kwa sababu hiyo kilichokanyagwa hakipati nafasi ya kupona kabla ya mguu wa kesho. Baada ya miaka utaona mizizi imevuliwa nguo, imelala juu ya mwamba kama mishipa ya mkono wa mzee. Ukiwaita wote waliopita, ukawauliza, kila mmoja atasema, Mimi sikufanya neno, naye atasema kweli. Na mti umekufa.

Kuna makosa mengine ambayo mara moja yatosha. Dubu mweusi wa misitu ile ni mnyama mwoga kwa asili, mla matunda ya vichaka na mizizi na wadudu. Wapiga kambi hufundishwa kukitundika chakula juu, mbali na shina la mti, au kukiweka katika chombo kigumu asichoweza kukivunja. Mtu mvivu hukiacha karibu na hema. Dubu huja usiku, hula, hushiba. Na tangu usiku ule amejifunza kwamba penye hema pana chakula. Yule mvivu amekwisha kwenda zake, ana hadithi ya kuwachekesha rafiki zake. Dubu hurudi kwa mtu wa pili, na wa tatu, kila mara woga wake ukipungua, mpaka awe hatari, ndipo askari hulazimika kumwua. Angalia, msomaji, nani amekosa na nani amelipa. Dubu ndiye aliyelipa kwanza, na aliyetetemeka usiku kucha na wanawe ni mtu wa tatu, ambaye chakula chake kilikuwa kimetundikwa vizuri.

Na moto nao ni vivyo hivyo. Mwezi wa tano mwaka 2007 moto ulitoka kambini katika ziwa liitwalo Ham Lake, pembeni mwa nyika hiyo. Upepo ukauchukua. Uliteketeza ekari zipatazo 75,000 pande zote mbili za mpaka, katika Marekani na katika Kanada, na majengo zaidi ya 100. Mafundisho ya kuzima moto wa kambi ni mafupi, mtoto aweza kuyashika: mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha tia mkono wako, na kama mkono hauvumilii, moto haujazimika. Ni kazi ndogo, lakini hufanywa saa ile ambayo mizigo imekwisha kufungwa na wenzako wameketi mtumbwini wakikuita.

Basi neno ambalo kambi ya namna hii yatuonyesha, ambalo ago la wapagazi halikulionyesha wazi, ni kwamba alipaye si yeye aliyekosa. Kule njiani Tabora mchafuzi na mnywaji waweza kuwa mtu mmoja. Huku ni watu wawili wasiojuana. Ndiyo sababu nasema swali hili si la Marekani tu. Mambo mengi ya siku zetu yanafanana zaidi na kambi hii kuliko ago la wazee: visima tutakavyowaachia watoto wa wajukuu wetu, misitu ya milimani, hata vitabu vya hesabu vya usharika ambavyo mweka hazina atavikabidhi kwa mtu asiyemjua bado.

Wako wasemao kwamba jibu liko katika deni. Nimekuta kambi safi. Mtu fulani aliisafisha kabla yangu. Siwezi kumlipa, maana simjui. Basi nimlipe yule ajaye. Fikira hii ni nzuri, nami nimeona kwamba yawavuta watu wengi wema. Lakini ukiifuata sana ina mashimo mawili.

Shimo la kwanza ni hili: deni hilo laanzia kwa nani? Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 juu ya nyika humhesabu mwanadamu huko kuwa mgeni wa kupita, asiyekaa. Yapendeza kusikia, lakini walikuwako waliokaa. Maziwa yale ni nchi ya Waojibwe. Wao ndio waliovuna mpunga wa mwitu uotao majini, na njia nyingi ambazo watu wa mijini hubebea mitumbwi leo ni njia za miguu yao. Kwa mkataba wa mwaka 1854 waliitoa sehemu kubwa ya nchi ile kwa Serikali ya Marekani, wakijiwekea haki ya kuwinda na kuvua, nao wangaliko hata leo, wala hawakuisahau haki yao. Katika jabali moja la ziwa Hegman iko michoro myekundu ya kale, watu na wanyama na mitumbwi, nayo yaonekana toka majini. Sisi hatuna haja ya kufundishwa sana jambo hili. Twakumbuka kwamba mwaka 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti, wakapewa Ngorongoro wakae pamoja na wanyama. Kila asifiaye pori lisilo na mtu na aulize kwanza limekuwaje kukosa mtu. Basi mpiga kambi asemaye kwamba anamlipa aliyemtangulia, je, amemhesabu yule aliyetangulia kweli? Deni lake ni kubwa kuliko usiku mmoja, na kufagia majivu hakulimalizi.

Shimo la pili ni baya zaidi. Ikiwa usafi wangu ni malipo ya usafi niliokuta, basi nikikuta uchafu sidaiwi. Huyu hapa amefika jioni. Katika majivu pana foili zilizoungua nusu, nyuma ya mwamba pana mambo yasiyotajika, uzi wa kuvulia umezungushwa katika matawi, na mtu amechonga jina lake na la mpenzi wake katika mti. Kwa hesabu ya deni huyu ni huru. Aweza kuongeza uchafu wake juu ya uchafu, wala hakumdhulumu aliyetangulia, kwa kuwa hakupokea kwake kitu. Twajua rohoni kwamba si hivyo, lakini fikira ya deni haiwezi kutuambia kwa nini si hivyo.

Mose aliwapa watu wake amri juu ya choo cha kambi. Iko katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 23, nayo haisomwi mara nyingi kanisani. Sijui kama katika usharika wenu imepata kuhubiriwa. Kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia pamoja na silaha zake, atoke nje ya kambi, achimbe, kisha afukie. Mpaka hapo Mose na mzee wa Kinyamwezi wamepatana kabisa. Lakini tazameni sababu. Mose hasemi kwamba huenda wakarejea. Lile lilikuwa jeshi likienda vitani, leo hapa, kesho kwingine. Sababu aitoayo ni kwamba Mungu hutembea katikati ya kambi, asije akaona kitu cha aibu akageuka na kuwaacha.

Mtu mwerevu atasema, Basi ni lile lile. Mmeondoa askari wa msitu mwenye mtumbwi, mkaweka askari asiyelala. Nakiri kwamba wengi wetu tumelifundisha hivyo katika darasa la kipaimara, maana watoto hutulia upesi wakiambiwa kwamba wanatazamwa. Lakini maandiko yale hayasemi hivyo. Askari akikuona hukukaribia akutoze. Huyu, kwa neno la Mose, akiona uchafu hugeuka aende zake. Kinachoogopwa pale si adhabu ya mwenye kuja, bali ni kubaki peke yako katika kambi uliyoichafua. Hilo ni jambo jingine kabisa. Tena laonyesha kwamba kambi haikuwa tupu hata mara moja, hata saa ile mtumbwi wa mwisho ulipopotea nyuma ya ncha ya ziwa. Thamani ya mahali pale haikutoka kwa aliyenitangulia, wala haikuondoka kwa kuwa yeye aliichafua. Nikikuta takataka nimekuta takataka za mtu. Mahali ni pale pale, na mgeni wa kesho ni yule yule, mwenye baridi ile ile.

Nao wako watu wengi katika misitu ile wasiomtaja Mungu kamwe, ambao huokota takataka zisizo zao wakazibeba. Sitasema kwamba wanaamini bila kujua. Hiyo ni desturi ya wahubiri nisiyoipenda. Nasema tu kwamba wamemwona jirani mahali ambapo wengine hawamwoni, na yafaa tuwaulize wameonaje.

Waalimu wa Katekisimo watakumbuka amri ya saba. Luther hakutosheka na kusema kwamba tusichukue mali ya jirani; aliongeza kwamba tumsaidie, ili mali na riziki yake ipate kusitawi na kulindwa. Watoto huikariri nusu ya kwanza kwa sauti kuu, na nusu ya pili kwa sauti ya chini, wakitazama mlango. Kutoichafua kambi ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili huko Boundary Waters ina umbo ambalo wenyeji wa mitumbwi walijua: baadhi ya watu, kabla ya kuondoka, huacha karibu na wavu wa chuma rundo dogo la kuni kavu, zimekatwa kwa kipimo cha moto ule, na vijiti vyembamba vimewekwa chini mahali ambapo mvua haifiki. Aliyezikata hakuzihitaji, kwa kuwa alikuwa akiondoka. Alitumia nusu saa ya asubuhi yake kwa mtu ambaye huenda akafika usiku huo katika mvua, na watoto wake, na mti mweupe umesimama kando ya hema. Akikuta kuni zile, hatakuwa na haja ya kuutazama mti huo.

Na yule aliyekuta kambi chafu? Huvua foili katika majivu, hukata uzi wa kuvulia toka matawini kabla ndege hajanaswa, hufukia yasiyotajika, hutia yaliyobaki katika mfuko. Jina lililochongwa hawezi kuliondoa. Mfuko hunuka, na maji machafu huvuja mgongoni mwake, maana mbele yake pana njia ya kubebea mtumbwi yenye vipimo 100, kisha ziwa, kisha njia nyingine. Atakayelala pale usiku wa pili ataona mwamba na maji na wavu wa chuma, wala hatajua kwamba kulikuwa na kitu cha kubebwa.